Kazi ya Mkono: Maisha ya Abul-Qasim Az-Zahrawi

Katika darsa yetu ya baina ya Magharibi na Isha alitujia kijana mmoja mwenyeji wa Garissa, asomaye utabibu, naye amefika mwaka wa kuingia wodi. Alikuwa na swali ambalo sisi tuhudhuriao darsa hiyo, wenye maduka, makarani na walimu wa madrasa, hatukulitazamia. Alitueleza kwamba wanafunzi wa darasa lake hugawanywa makundi. Kundi moja huanza na wodi ya maradhi ya ndani, jingine wodi ya watoto, jingine wodi ya wazazi na jingine wodi ya upasuaji, kisha hupokezana kwa zamu mpaka wote wamezunguka kote. Yeye ameandikiwa kuanza na upasuaji. Wenziwe waliomtangulia wamemtia hofu, ya kwamba atangulizwaye huko hupata alama duni katika mtihani wa upasuaji kwa kuwa huingia hali hajui kitu. Akataka kujua kama jambo hilo ni kweli, na kama wale matabibu wa Kiislamu wa zamani, ambao twawataja kila siku, walikuwa na neno la kusema juu yake.

Twakiri kwamba swali hili lilituonesha haya. Mara ngapi, katika khutba na katika sherehe za madrasa, tumeyapanga majina ya Ar-Razi na Ibn Sina na Az-Zahrawi kama mtu apangaye vikombe vya fedha katika kabati, tukajifaharisha nayo, ilhali hatujui walifanya nini asubuhi walipotoka majumbani mwao? Basi tukaahidi kulitazama, na tumeona mtu wa kumwendea ni huyu wa tatu, kwa sababu ndiye aliyekuwa mpasuaji hasa, na ndiye aliyewaandikia wanafunzi.

Jina lake ni Khalaf bin Abbas, na kuniya yake ni Abul-Qasim. Nasaba yake yahusishwa na Ansari wa Madina. Huitwa Az-Zahrawi kwa mji wa Az-Zahra, ambao Khalifa Abdur-Rahman wa Tatu alianza kuujenga mwaka 325 Hijria, ndio 936 Miladi, kiasi cha kilomita 8 magharibi ya Kurtuba, katika Andalus, nchi iitwayo leo Hispania. Inakadiriwa kwamba yeye alizaliwa karibu na mwaka huo huo, hata mtu na mji wakawa kama ndugu wa umri mmoja. Alifariki karibu na mwaka 404 Hijria (1013), baada ya fitina ya wenyewe kwa wenyewe kuuangamiza mji wake, ukaporwa na kubomolewa usifikishe hata miaka 100. Jengo lile la marumaru lilianguka. Kitabu cha tabibu kikabaki.

Hakuacha hadithi za safari ndefu wala za vikao vya wafalme. Mwanachuoni Ibn Hazm, aliyezaliwa Kurtuba mwaka 994, amemtaja na kukisifu kitabu chake, na ameshuhudia kwamba alimdiriki na kumwona kwa macho. Al-Humaydi, aliyefariki mwaka 1095, naye ameandika habari zake kwa maneno machache. Mengi yaliyobaki twayapata katika kitabu chake mwenyewe, na huenda hilo ni heri, kwani ndani yake twamwona akiwa kazini.

Kabla hatujakifungua, tupande kidogo mpaka Baghdad, kwa sababu kijana wetu aliuliza habari ya mtihani. Mwaka 319 Hijria (931), miaka michache kabla ya Az-Zahrawi kuzaliwa, ilifika habari kwa Khalifa Al-Muqtadir kwamba mtu mmoja amekufa kwa kosa la tabibu. Khalifa akaamuru asitibu mtu yeyote ila aliyekwisha kupimwa na tabibu wake mkuu, Sinan bin Thabit. Waliopimwa katika mji huo walizidi 860, mbali na wale ambao umahiri wao ulijulikana wakasamehewa. Yasimuliwa kwamba miongoni mwao alikuja mzee mmoja mwenye haiba na mavazi mazuri, Sinan akamkalisha mahali pa heshima akidhani ni bingwa. Mzee akamwekea dinari mbele yake, akakiri kwamba hajui kusoma wala kuandika, na kwamba ana watoto wanaomtegemea, akaomba asikatiwe riziki. Sinan akacheka, akamruhusu kwa sharti moja: asimwendee mgonjwa kwa jambo asilolijua, wala asimtoe mtu damu wala kumpa dawa ya kuharisha ila katika maradhi mepesi. Mzee akasema ndiyo desturi yake maisha yake yote, hajapata kuvuka sharubati. Siku ya pili akaja kijana nadhifu kutaka kupimwa. Alipoulizwa mwalimu wake ni nani, ikabainika kuwa ni mwana wa yule mzee wa jana. Naye akaruhusiwa kwa sharti lile lile.

Watu huisimulia hadithi hii kwa kicheko. Sisi twaona ndani yake jambo zito kwa mfanya mtihani: Sinan alimpima mzee si kwa wingi wa ajuayo tu, bali kwa kuujua mpaka wake. Lakini sharubati haiui mtu. Kisu je? Huko ndiko alikoingia Az-Zahrawi.

Kitabu chake ni At-Tasrif, na jina lake kamili lafahamisha kwamba kimetungwa kwa ajili ya asiyeweza kujikusanyia elimu hiyo mwenyewe. Kina makala 30, nacho alikimaliza karibu na mwaka 1000, baada ya miaka kama 50 ya kutibu. Makala ya mwisho ndiyo iliyomtia sifa duniani, nayo ni ya upasuaji, ambao yeye huuita kazi ya mkono. Tulilipenda jina hilo. Sehemu ya kwanza yahusu kuchoma kwa chuma cha moto, ya pili kupasua na kutoboa na kutoa damu na kutibu majeraha, na ya tatu kuunga mifupa iliyovunjika na kurudisha viungo vilivyoteguka. Ndani yake mna picha za vyombo kiasi cha 200, alivyovichora kimoja kimoja pamoja na maelezo ya matumizi yake: visu, makasi, misumeno ya mifupa, mikuki midogo ya kutobolea, vishikio vya kutolea meno, vyombo vya kumsaidia mzazi aliyekwama.

Anaowaambia maneno hayo ni wanafunzi wake, naye huwaita wanawe. Huwaeleza kwamba alikuwa amekwisha kukitimiza kitabu, kisha akaona hakifai bila ya makala haya, kwa kuwa stadi wa kazi ya mkono hakuwapo tena katika nchi yake na zama zake. Elimu yenyewe ilikuwa imekaribia kufutika, na kilichobaki ni alama kidogo katika vitabu vya watu wa kale, navyo vimeharibiwa na wanakili mpaka maana zimefungika. Sababu yake akaitaja: ufundi huu ni mrefu, na autakaye yampasa kwanza ajizoeze katika elimu ya maumbile ya mwili, ajue mifupa na viungo, mishipa ya damu yenye kupiga na isiyopiga, njia zake na mahali itokeapo. Asiyejizoeza hivyo, asema, hataepukana na kosa la kuua watu.

Kisha, wasomaji wetu, mzee huyu hakuishia kwenye onyo. Alisimulia mambo manne aliyoyajua katika zama zake, nayo ni mtihani wa upasuaji ulio mkali kuliko wowote tuujuao.

Tabibu mmoja alipasua uvimbe wa matezi katika shingo ya mwanamke. Hakujua mishipa ya shingo ipitapo, akaikata baadhi yake, na damu ikamwagika mpaka mwanamke akaanguka mbele yake amekufa. Wa pili alijitia kumtoa jiwe la kibofu mzee aliyekuwa ameshika umri. Jiwe lilikuwa kubwa. Akalitoa pamoja na kipande cha kibofu chenyewe, na kwa siku ya tatu mzee akafa. Az-Zahrawi alikuwa ameitwa kabla yake kwa mgonjwa huyo huyo, na alipoona ukubwa wa jiwe na hali ya mwenyewe alijua kwamba akipasuliwa atakufa, akajiepusha. Wa tatu alikuwa akipokea mshahara wa mkubwa mmoja. Aliletewa mtumishi aliyevunjika mguu karibu na kisigino, na juu ya mvunjiko mna jeraha. Akaufunga mguu kwa vitambaa na mabanzi, akaukaza sana, wala hakuliachia jeraha tundu la kupumulia. Akamwacha siku kadha na kumkataza asifungue. Mguu ukavimba mpaka akakaribia kufa. Ndipo Az-Zahrawi akaitwa, akaharakisha kufungua, maumivu yakatulia. Lakini kuoza kulikuwa kumekwisha kushika, kukaendelea kupanda mpaka kijana wa watu akafariki. Wa nne aliutoboa uvimbe wa saratani, nao baada ya siku chache ukawa kidonda kikubwa.

Tuyatazame makosa haya kwa utulivu. Tabibu wa kwanza hakujua umbo la shingo, na hilo lapatikana kitabuni na katika maiti ichunguzwayo. Wa pili huenda alijua kupasua. Alichokosa ni kumtazama mgonjwa na kusema hapana, na hilo haliandikiki vyema katika karatasi ya maswali. Wa tatu, nasi twaona ndiye mwenye hatia kubwa, alifunga akaenda zake. Kitabu kingemwambia namna ya kufunga. Lakini ni wodi imfunzayo mtu kurudi asubuhi na jioni akautazama mguu, akaugusa kama ni baridi au moto, akamsikiliza mgonjwa anapolia kwamba bendeji yamuua. Mtu aweza kupata alama kamili katika maswali ya kuunga mifupa na bado akawa yule wa tatu.

Mkabala wa misiba hiyo ametia kisa kimoja cha mkono wake mwenyewe. Mjakazi alikitwaa kisu akajikata koo. Az-Zahrawi alipofika alimkuta akikoroma kama mnyama aliyechinjwa. Akalifunua jeraha, akaona damu iliyotoka ni kidogo, akayakinisha kwamba hakuna mshipa mkubwa uliokatwa. Ila bomba la pumzi limepasuliwa, na hewa yatoka jerahani. Akafanya haraka akalishona, akaliuguza mpaka likapona. Mjakazi hakupatwa na kitu ila mkwaruzo wa sauti, na baada ya siku chache akarudia hali yake. Tabibu akaongeza faida aliyoichuma katika tukio hilo: waliotangulia walikuwa wameeleza kulipasua bomba la pumzi ili kumwokoa mtu anayesongwa, lakini katika nchi yake hakumwona aliyethubutu kulifanya, kwa alichokiona kwa mjakazi akakata kauli kwamba kulipasua hakuna hatari. Hivi ndivyo alivyosoma: maneno ya wa kale mkono mmoja, mgonjwa mkono wa pili, na jicho likipima baina yao.

Katika kurasa nyingine aeleza namna za kuizuia damu ya mshipa uliokatwa, na miongoni mwazo ni kuufunga kwa uzi madhubuti. Aeleza kushona utumbo kwa uzi uliotengenezwa kwa utumbo wa mnyama, na kuyakaza meno yanayocheza kwa uzi wa dhahabu. Ana na kisu kidogo kifichwacho baina ya vidole, cha kupasulia jipu, ili mgonjwa asikione akaogopa. Jambo hili halikutokana na kitabu chochote, limetokana na kuzitazama nyuso za watu. Na wanawe amewagawia upasuaji mafungu mawili, mmoja wenye salama na mmoja aghalabu wenye hatari, akawahadharisha na wa pili, wala wasivutwe na fedha za mgonjwa aliyekata tamaa.

Kitabu kilisafiri kuliko mwenyewe. Katika karne ya 12 Gerard wa Cremona alikifasiri Toledo kwa Kilatini. Mpasuaji wa Kifaransa Guy de Chauliac, aliyemaliza kitabu chake kikubwa mwaka 1363, amemtaja Az-Zahrawi mara nyingi mno. Tabibu Sabuncuoglu wa Amasya, katika nchi ya Waturuki, alitunga kwa Kituruki mwaka 1465 kitabu cha upasuaji kilichojengwa kwa sehemu kubwa juu yake, akatia picha za matabibu wakiwa kazini. Kilatini chake kilipigwa chapa Venice mwaka 1497, na matini ya Kiarabu pamoja na Kilatini ikachapwa Oxford mwaka 1778. Miaka mingi wanafunzi wa Ulaya walifanyiwa mitihani kwa maneno ya mtu wa Az-Zahra.

Sasa turejee kwa kijana wetu. Swali lake la kwanza si la mzaha. Huko Marekani, ambako wanafunzi wa vyuo vingi hufanya mtihani mmoja wa maandishi mwisho wa zamu ya upasuaji, jambo hili limechunguzwa mara kadha. Limeonekana kwamba wapatao zamu hiyo baadaye katika mwaka, hasa waliokwisha kupita wodi ya maradhi ya ndani, aghalabu huwapita kidogo kwa alama wale waliotangulizwa. Sababu haiko mbali. Mtihani ule hauulizi sana namna ya kushika kisu. Huuliza mgonjwa ana nini, apewe maji kiasi gani, kwa nini homa imempanda siku ya tatu baada ya kupasuliwa, na yupi wa kupasuliwa na yupi wa kuachwa. Mengi ya hayo hufunzwa katika wodi ya ndani. Basi wenziwe hawakumdanganya, ila wameikuza. Tofauti si kubwa, na mwenye bidii huifuta.

Jambo la pili lililoonekana ni gumu zaidi kwetu tulio wapenzi wa kazi ya mkono: wingi wa wagonjwa aliowaona mwanafunzi, peke yake, haukuongeza sana alama zake katika mtihani wa maandishi. Wodi ya upasuaji huchosha. Mtu husimama saa nyingi, hurudi chumbani kitabu kikamwangukia usoni. Wako waliotoa katika hayo hoja kwamba zamu ndefu za wodi hazina faida. Twaona wamekosea njia. Kama mtihani hauoni alichopata mwanafunzi wodini, upungufu ni wa mtihani. Ndiyo maana vyuo vyetu, kando ya karatasi, humsimamisha mwanafunzi kitandani mwa mgonjwa mbele ya wakubwa wake, aulize, apapase, aseme aonavyo. Na hapo aliyekuwa akikwepa wodi hujulikana kwa mikono yake kabla hajafungua kinywa.

Huko atokako kijana huyu jambo hili lina uzito wake. Hospitali kubwa ya Garissa, iliyokuwa ya Mkoa na ambayo tangu mwaka 2013 imo chini ya serikali ya kaunti, huletewa wagonjwa wa safari ndefu za barabara za mchanga. Ndiyo iliyopokea majeruhi wa tarehe 2 Aprili 2015, siku walipouawa kwa dhulma watu 148 katika chuo kikuu cha mji huo. Wengine ikabidi wapelekwe Nairobi kwa ndege, mwendo wa kilomita zaidi ya 350 kwa barabara. Mji huo una pia tawi la chuo cha serikali cha mafunzo ya utabibu, wanakosoma maofisa wa kliniki, na hao ndio aghalabu wawapokeao wagonjwa wa kwanza katika vituo vya Wajir na Mandera. Katika kituo cha namna hiyo hakuna bingwa wa kuulizwa chumba cha pili. Mguu uliovunjika wenye jeraha juu yake haukuisha Kurtuba; huletwa hapo usiku, umefungwa vijiti na kamba na jamaa wenye mapenzi, umekazwa mno, na aliye zamu ni mtu mmoja aliyemaliza masomo majuzi.

Tulimsomea kijana kisa cha mguu ule mara mbili. Mara ya pili alitoa daftari akaandika, akatuuliza kama Az-Zahrawi amesema ni siku ngapi bendeji ikaguliwe. Tukamfungulia sehemu ya tatu, mlango wa mvunjiko wenye jeraha, ambapo mzee ameagiza jeraha liachwe wazi lipate kutazamwa na kutiwa dawa. Zamu yake ya upasuaji yaanza mwezi ujao, naye hakuomba ibadilishwe.